Mafuta Chini ya Gari la Hedimasta

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Nilipewa debe la mafuta ya taa, brashi iliyovunjika mpini na kitambaa ambacho zamani kilikuwa shati la mtu, nikaambiwa niingie chini ya lori. Hiyo ilikuwa yadi ya serikali mjini Busia, upande wetu wa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimetoka kwetu Bumala alfajiri hiyo nikiwa nimevaa viatu vipya, maana nilidhani ufundi ni kazi ya kusimama.

Foremani wa yadi alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alichutama kando ya gurudumu akaniuliza, "We wa Bumala, hili lori linavuja wapi?"

Nikaona tone jeusi limening'inia chini kabisa, kwenye sampu, yaani lile bakuli la chuma linalofungwa chini ya injini ili mafuta yakae humo. Nikanyoosha kidole kwa furaha. "Hapa, bwana."

"Hapo ndipo yanapoangukia. Mimi nimekuuliza yanatoka wapi."

Akaniamuru nisugue injini yote kwa mafuta ya taa mpaka chuma kionekane, niikaushe, kisha niipulizie chokaa kavu juu mpaka chini. Tukawasha lori likanguruma kidogo. Halafu Foremani akanionyesha kwa ukucha: juu kabisa, kwenye kifuniko cha valvu, chokaa ilikuwa imelowa mstari mwembamba. Mafuta yalitokea pale, yakapita nyuma ya injini, yakateremka mpaka kwenye sampu nilikoyaona mimi.

"Mafuta ni mwongo," alisema. "Ukimuuliza anakaa wapi, anakuonyesha nyumba ya jirani."

Na si mafuta tu aliyoyashuku. Jioni alisimama langoni akatupekua mmoja mmoja, akafungua mikebe ya chakula na kunusa ndani. Hata padri aliyekuja kuomba lori la kubebea mabenchi ya kanisa alipekuliwa, akaambiwa, "Samahani baba, ni utaratibu." Tulimcheka Foremani kwa siri, lakini nawaambia ukweli, katika yadi ile hakuna boliti iliyopotea. Nilikaa chini yake miaka kadhaa, na nilipotoka nilikuwa nimeshaiga tabia yake. Mke wangu anasema sijapona mpaka leo. Akiniletea chai naangalia kwanza nani ameipika.

Kutoka Busia nilihamishiwa kambi ya barabara, Malaba. Mkubwa wetu huko aliitwa Injinia Msaidizi, mtu mkimya, mwembamba, asiyependa kelele. Yeye ndiye aliyenifundisha injini za dizeli zilizozeeka. Dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Inaibana hewa mpaka hewa yenyewe inakuwa moto wa kuchoma mafuta. Kwa hiyo ndani ya injini ile kuna nguvu nyingi, na maungio yote yanasukumwa. Kati ya chuma na chuma tunaweka gasketi, yaani kipande cha koki, lile gome jepesi la vizibo vya chupa, au karatasi ngumu, kinachozuia mafuta yasitoke. Gasketi ya dukani ilikuwa adimu, basi tulijikatia wenyewe. Unalaza koki juu ya chuma, unagonga ukingoni kwa upande wa mviringo wa nyundo, pole pole, mpaka chuma chenyewe kinaikata.

"Usikaze boliti kwa hasira," Injinia Msaidizi alikuwa akiniambia. "Kaza hii, ruka ile, urudi tena. Koki ukiibana sana inapasuka. Unamfunga mtoto nepi, humfungi mwizi kamba."

Miaka hiyohiyo ndipo kahawa ilipanda bei, na ng'ambo ya mto, Uganda, watu walikuwa katika shida kubwa. Hawakuwa na sabuni, hawakuwa na chumvi wala sukari. Walichokuwa nacho ni kahawa, nayo ikaanza kuvuka mto kuja kwetu, kichwani, kwenye baiskeli na mgongoni mwa punda. Tuliita magendo. Lo, Malaba ilibadilika! Mtu uliyemjua hana ndala alionekana na saa mbili mkononi. Ukiezeka mabati mapya, jirani anatikisa kichwa: "Huyo amebeba." Ukinunua redio, umebeba. Shemeji yangu alinenepa tu, baada ya kuugua muda mrefu, na watu wakasema amebeba. Ikawa hakuna salamu isiyo na jicho la pembeni.

Injinia Msaidizi alipotaka kunipeleka Turkana na kikosi cha barabara, nikakataa. Nilikuwa nimeoa karibuni na kupanga nyumba mtaa wa Burumba, Busia, na sikuwa tayari kumwacha mke mpya mpakani peke yake, mnanielewa. Nikaacha kazi ya serikali nikawa fundi wa nyumbani.

Ninyi vijana mnapeleka gari gereji na kurudi jioni. Wakati wetu mwenye gari hakuthubutu. Gari liliingia gereji na betri mpya likatoka na betri ya babu. Basi fundi ndiye aliyefuata gari, akabeba sanduku lake kwenye baiskeli mpaka uani kwa mtu. Na palikuwa na desturi yake: fundi lazima akaliwe. Yaani mwenye nyumba anamweka mtu wa ukoo kwenye kigoda, kazi yake ni kumtazama fundi tangu anafungua sanduku mpaka analifunga. Kila kifaa kilichotolewa kinalazwa juu ya gunia mbele ya huyo mkaliaji. Wengine waliweka alama kwenye vifaa ili visibadilishwe. Wenzangu waliona ni matusi. Mimi, niliyelelewa na Foremani, nilikuwa nadai mwenyewe: "Nikalieni kwanza ndipo nifungue." Maana kikipotea kitu, shahidi yupo.

Ndipo nikaitwa kwa Hedimasta.

Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi karibu na Chakol, Mteso, mrefu, mwenye tai kila siku hata Jumamosi. Jina lake Mwalimu Omuse. Alikuwa na gari la dizeli, jeupe, kuukuu, alilolinunua kwa mmisionari aliyerudi kwao. Ndilo lililobeba wagonjwa wa kijiji kizima. Nilimkuta amesimama kando yake, mikono nyuma kama anasubiri wanafunzi wachelewaji.

"Fundi, linavuja," alisema. "Nataka likauke kabla ya Ijumaa."

"Ijumaa kuna safari?"

Alitazama huku na huku kabla ya kujibu. "Hukusikia mambo ya baraza?"

Nilikuwa nimesikia. Nani hakusikia? Inspekta wa doria ya mpaka alikuwa ameona matone ya mafuta ya gari kwenye njia ya murramu, ule udongo mwekundu, inayoteremka mtoni, pale magunia ya kahawa yalipokuwa yakivushwa. Akatangaza kwenye baraza la chifu kwamba atapiga magoti chini ya kila gari kutoka Malaba mpaka Chakol, na gari litakalovuja, mwenyewe atajieleza akiwa ndani. Zamu ya upande wa Hedimasta ilikuwa Ijumaa.

"Akikuta tone moja nimekwisha," alisema Hedimasta. "Kazi imekwenda, na mimi nimekwenda. Na haki ya Mungu, fundi, sijawahi kubeba kahawa."

Nikaitikia, "Ndiyo, mwalimu." Moyoni nikasema, mbona umeapa bila kuulizwa? Alipoingia ndani kuleta funguo, nikayachungulia magurudumu. Yalikuwa na udongo mwekundu mbichi. Nikafungua buti la nyuma nikakuta magunia matupu. Nikanusa. Sikunusa kahawa, nilinusa chaki na mbuzi. Lakini gunia linaweza kufuliwa. Nikajiuliza, je, hapa ninatengeneza gari au ninamfutia mtu nyayo? Nikijua na nikanyamaza, Inspekta ataniacha mimi?

Mtu wa kunikalia alikuwa mama yake Hedimasta. Sisi sote tulimwita Toto, ndivyo Wateso wanavyomwita mama. Alikuwa bibi mdogo wa mwili, macho makali, na mapajani alikuwa na ungo wa njugu za kubambua. Aliweka kigoda chake karibu kabisa na gurudumu la mbele la kulia, akakaa.

"Toto, jua litakupiga hapo," nikamwambia. "Hamia kivulini, utaniona tu."

"Mimi naona vizuri hapa," akasema. "Fanya kazi."

Nikaanza juu, kama nilivyofunzwa. Kifuniko cha valvu kilikuwa kinatoa mafuta pande zote. Nikakifungua, nikakwangua gasketi ya zamani, nikakata mpya ya koki, nikafunga kwa kuruka boliti kama Injinia Msaidizi alivyotaka. Hedimasta alitoka na wino mwekundu wa kusahihishia daftari akaweka nukta kwenye kila kifaa kilicholala kwenye gunia. Toto aliviangalia kifaa kwa kifaa, kisha akaniangalia mimi, kisha njugu zake. Nikakusanya vyombo nikaenda zangu, nikijua kazi imekwisha.

Kesho yake nikaitwa tena. Kifuniko cha juu kilikuwa kikavu, lakini sasa mafuta yalikuwa yakitoka mbele, kwenye sili ya krankshafti. Sili ni pete ya mpira inayokumbatia chuma kinachozunguka ili mafuta yasipite. Nikatafuta sili nyingine Malaba, nikabadilisha. Gari likahamia kuvuja nyuma. Nikaziba nyuma, likatoa ubavuni. Hedimasta alikuwa akinitazama kwa namna ambayo nafikiri watoto waliojibu vibaya waliijua.

"Fundi, unaziba huku unatoboa kule?"

"Mwalimu, mimi sitoboi."

"Na hii je?" Akanionyesha dipstiki, ile fimbo nyembamba ya kupimia mafuta. Ilikuwa imejitokeza nje ya tundu lake. "Kila nikirudi naikuta imevutwa. Nani anaivuta?"

Nikamwambia sijui, na kweli sikujua, nikaona dhahiri haniamini. Na mimi sikumwamini. Nilimshuku yeye, kwamba anaendesha gari lile mahali asipotaka kusema, na ndiyo maana haliponi. Nikamshuku na naibu wake shuleni, aliyekuwa akipita pale na baiskeli mara nyingi kuliko inavyohitajika kumsalimia mtu. Labda anataka kiti cha hedimasta, labda anakuja kulegeza boliti. Nikapima boliti zote kwa spana, hakuna iliyolegea. Nilikuwa natafuta mtu, na mtu wa namna niliyoitaka hakuwepo.

Ijumaa ikafika na gari bado linatoa mafuta. Nilifika mapema. Hedimasta alikuwa amekwisha vaa tai na koti, kama mtu anayesafiri, na hakuenda shule. Nilimhurumia, nasema kweli. Mikono aliificha mifukoni.

"Tutaanza upya," nikamwambia. "Nitaliosha lote. Nipe unga wa chaki."

Shuleni chaki haikosi. Aliniletea mkebe mzima wa vumbi la chaki. Nikaosha injini kwa mafuta ya taa, nikaikausha, nikaipulizia chaki mpaka ikawa nyeupe kuliko gari lenyewe. Kisha tukawasha. Na sikuona kitu cha namna ile kabla wala baada. Mafuta hayakuchagua pa kutokea. Yalitoka kwenye maungio yote kwa wakati mmoja, kama jasho la mtu mwenye homa, na dipstiki ikapanda yenyewe mbele ya macho yetu, hakuna aliyeigusa. Hedimasta akarudi nyuma hatua.

"Yesu! Hii ni kitu gani?"

Nikafungua kifuniko cha kujazia mafuta. Moshi ukanipiga usoni, wa nguvu, moto, ukaniacha nakohoa. Hapo ndipo akili ilinifunguka. Kila injini inatakiwa ipumue. Dizeli ikizeeka, ule mlipuko wa juu ya pistoni hupenya kidogo pembeni ukashuka tumboni mwa injini. Si ugonjwa, ni uzee. Ndiyo maana kuna bomba dogo la kuutoa nje, nalo huangusha tone moja moja la mafuta. Hilo hakuna wa kulizuia. Bomba hilo likizibwa, pumzi inatafuta njia nyingine. Inasukuma sili, inasukuma gasketi, inasukuma hata dipstiki. Nilikuwa nimefunga milango na madirisha ya nyumba inayoungua.

Bomba la kupumulia la gari lile lilishuka upande wa kulia, nyuma ya gurudumu la mbele.

"Toto, sogea kidogo nione hapo," nikasema.

"Hapa ndipo nimekaa."

"Ni dakika tu, Toto."

"Fundi, hapa ndipo nimekaa!"

Hedimasta akamwambia kwa Kiteso, kwa upole, lakini bibi hakutikisika. Sikubishana. Nikazunguka upande wa pili, nikajiviringisha chini ya gari, nikanyoosha mkono mpaka ncha ya bomba. Kidole changu kikagusa kitu kigumu. Nikavuta. Kilikuwa gunzi la mahindi lililoviringishwa kitambaa, limesokomezwa kwa nguvu. Lilipotoka, injini ikashusha pumzi ndefu na moshi ukatoka pale, na nikayasikia mafuta yakiacha kutiririka juu yangu. Nikatoka nimeshika gunzi, uso mweupe kwa chaki, nacheka peke yangu.

Hedimasta hakucheka.

"Umekamatwa," alisema.

"Aka! Nimekamatwa na nini?"

"Gunzi halina miguu. Hapa chini hajaingia mtu ila wewe. Unaziba ili livuje, livuje ili urudi. Au umetumwa! Hao wabebaji wamekutuma gari langu livuje ili Inspekta anichukue mimi awaache wao. Subiri aje. Utamweleza."

Wakati ule mtu akikutaja tu kwa Inspekta, hukuulizwa mara mbili. Mke wangu alikuwa Burumba na mimba ya kwanza. Nikamgeukia Toto, shahidi wangu, aliyenikalia tangu siku ya kwanza. "Toto, sema. Uliniona nikiweka kitu huku?"

Bibi alikuwa ameinamia ungo wake. Mikono ilikuwa imesimama.

"Wacha fundi," akasema. "Ni mimi niliweka."

"Wewe?" Hedimasta akauliza.

"Ilikuwa inatoa mate pale, kidogo kidogo. Nikasikia ile maneno ya baraza. Nikasema nifunge mdomo yake kabla huyo Inspekta hajaona."

"Lakini toto, mbona ulifanya kwa siri? Kwa nini hata mimi usiniambie?" Nikaona maana ya jambo lile ikimfikia usoni pole pole. "Ulifikiri ni mimi. Ulifikiri mimi ndiye nabeba kahawa."

Bibi akachukua njugu, akaibambua.

"Mama yangu mwenyewe!"

"Ulirudi umechelewa. Tairi ilikuwa na udongo nyekundu. Ndani kulikuwa na magunia."

"Nilikuwa Bumala! Nilipeleka watoto wa kwaya, na magunia waliyakalia! Ungeniuliza, toto. Si ungeniuliza tu?"

Toto akamtazama mwanawe. "Ningeuliza," akasema, "na kama ungesema ndiyo, hiyo ndiyo yako ningeiweka wapi?"

Sikujua nitazame wapi. Nikaokota vyombo vyangu kimya kimya.

Hatukuwa na nafasi ya kukaa na jambo lile, maana gari la doria, jipu, lilisikika barabarani. Nikafanya haraka. Nikaifuta injini yote, na kwa vile bomba lingeangusha tone lake la kawaida, nikalifungia kikopo cha maziwa kwa waya, kama tulivyofanya kwa malori ya yadi. Jipu ikaingia ikasimama katikati ya ua, pale Toto alipokuwa amefagia asubuhi. Inspekta akashuka, kijana nadhifu, buti zinang'aa, kipande cha kartoni mkononi. Hakusalimia. Akakitelezesha chini ya gari, akaamuru liwashwe, akasubiri. Kartoni ikabaki safi. Nikaanza kupumua.

Ndipo akapiga magoti akachungulia.

"Hiki kikopo ni cha nini?"

Nikamweleza bomba la kupumulia, uzee wa injini, yote. Alinisikiliza hadi mwisho akitabasamu upande mmoja.

"Kwa hiyo linavuja, na mmeficha."

"Hatukuficha, afande, ni utaratibu wa..."

"Gari lisilo na mambo halifungwi kikopo. Mwalimu, panda jipu."

Hedimasta hakubisha. Alivuta koti lake likakaa vizuri, akatembea mpaka kwenye jipu akapanda nyuma. Hakumtazama mama yake. Hilo ndilo liliniuma zaidi, kwamba alipita mbele yake kama anapita mbele ya kigoda kitupu. Dereva akawasha, akarudi nyuma ili ageuze.

Toto akasimama. Siku zote zile sikuwahi kumwona akisimama. Njugu zikamwagika kutoka kwenye ungo, asizijali. Alitembea mpaka pale jipu ilipokuwa imesimama, akainama, kisha akaita kwa sauti ambayo sikuitarajia katika mwili ule mdogo.

"Afande! Umedondosha kitu!"

Inspekta akajipapasa mifuko. "Nini?"

"Njoo uone."

Akashuka. Bibi alikuwa ananyoosha kidole chini. Kwenye udongo uliofagiwa palikuwa na matone meusi, mabichi, na mengine yalitoka pale yakapanga mstari mpaka langoni, kufuata njia ileile iliyopitia jipu. Dereva akakohoa. Sote pale tulijua ni gari gani lililoshuka njia ya mtoni kila siku kuwatafuta wabebaji, asubuhi na jioni. Inspekta alilijua kuliko sisi. Alisimama akitazama yale matone mpaka nikaogopa, maana mtu mwenye cheo akiaibika, hujui hasira yake itaangukia nani.

"Mwalimu," akasema mwishowe. "Shuka."

Hedimasta akashuka.

"Fundi. Wewe panda."

Nikapanda. Alinipeleka mpaka kituoni, jipu ikaegeshwa, akavuta kiti, akakaa. "Itengeneze," akasema. Akanikalia mwenyewe mpaka nilipofunga boliti ya mwisho, na hakuomba radhi kwa mtu. Tangu hapo hakuonekana tena akipiga magoti chini ya magari ya watu.

Nilifanya kazi hiyo mpaka magoti yakakataa kuingia chini ya gari. Sasa nipo Burumba, nimestaafu, na vijana wenye gereji hunijia na simu zao wanionyeshe picha za injini. Nawaambia hivi: usinunue gasketi kabla hujaosha. Usikaze kabla hujajua yanatoka wapi. Na gari la dizeli lililozeeka likivuja kila mahali kwa pamoja, acha boliti, tafuta bomba la kupumulia. Wengi hawanisikii. Wanakaza tu, wanapasua, wanarudi.

Hedimasta aliendelea na shule yake na gari lile kwa miaka mingi, nami ndiye niliyelitunza. Kila Jumapili alimpeleka Toto misa, bibi akiwa amekaa mbele. Walizungumza mvua, walizungumza mbuzi, wajukuu na karo. Jambo lile la Ijumaa hawakuligusa. Mimi nililiona lipo kila nilipofika, limekaa katikati yao.

Toto alipofariki, Hedimasta alinitumia ujumbe nije nikague gari kabla ya kumchukua mochari. Nikalikagua. Baada ya mazishi, watu walipokuwa wanakula, alinifuata kando ya gari. Alikuwa amezeeka, tai bado iko shingoni.

"Fundi," akasema, "miaka yote hiyo nilikuwa nangoja aniulize. Siku moja tu. Hakuniuliza."

"Na wewe hukumwambia?"

"Nilimwambia siku ile. Lakini kuambiwa na kuuliza si kitu kimoja. Nilitaka atake kujua."

Nikafunga boneti. Nikafuta mikono. Nilikuwa nimekula nyumbani kwa mtu huyu mara nyingi, nimelala kwake mvua ilipozidi, wanawe wakaniita baba. Na ghafla nikajua kwamba katika muda wote huo hata mimi nilikuwa nimemwachia swali lile bila kulitamka, kwa sababu ileile ya Toto.

"Mwalimu," nikasema, "uliwahi kubeba kahawa?"

Alinitazama, macho yakajaa maji.

"Hapana," akasema. "Hata debe moja, sijabeba." Akanishika bega, akalia waziwazi mbele ya waombolezaji, mzee mzima. "Asante, fundi. Asante kwa kuniuliza."